Bonbon za Idi

Mikono ya Hadjara haikosi ufundi, lakini siku ile ufundi wenyewe nusura umzike mdogo wake.

Bonbon zile, peremende za Kijapani, alijifunza kwenye simu jinsi ya kuzipika. Unachemsha unga wa agar-agar na sukari tele, unatia rangi, unamimina kwenye sahani. Ikiganda unaimegamega kwa vidole, kisha unaianika ndani siku kadhaa mpaka nje iwe ngumu na katikati ibaki laini. Aliipenda agar-agar kwa sababu ni majani ya bahari. Gelatini ya dukani nani ajuaye imetoka kwa mnyama gani? Zikatoka za kijani na za zambarau, zinapitisha mwanga, ungeapa ni mawe ya kuchimbwa. Akazifunga kitambaani, akazifukia ndani ya gunia la maharagi zisivunjike. Mdogo wake Aruna akawasha gari, wakatoka Butembo kwenda Beni kula Idi kwa mama yao.

Jamani, mtu mzima na akili zake anafichaje kitu chenye sura ya mawe ndani ya maharagi, kwenye njia ile ambako wenye bunduki huwasaka wabeba madini?

Walipopita Kalunguta wakakuta kamba imekatiza njia, na vijana wenye bunduki ambao hakuna aliyejua ni wa nani. Mmoja akapekua gunia, akatoa furushi, akalifungua. Aruna akateremshwa, akapigishwa magoti vumbini, mtutu ukawekwa kisogoni mwake. Mkubwa wao akauliza mawe yametoka mgodi gani. Hadjara akasema si mawe, ni sukari, aonje mwenyewe.

Hapo akakosea tena. Huku kwetu nani anakula cha mgeni kabla mwenyewe hajaonja? Watu wamezikwa kwa sababu ya kikombe kimoja chenye sumu. Mkubwa akamsogezea bonbon mdomoni.

“Wewe kwanza. Kula, tuone.”

Na Hadjara alikuwa amefunga. Damu ya mwezi ilikuwa imemkatika kwa umri, kwa hiyo hii ndiyo Ramadhani ya kwanza ambayo angeimaliza bila siku ya kulipa, na leo ndiyo siku ya mwisho. Akaufumba mdomo. Mkubwa akaona anavyosita.

“Anaogopa. Ni sumu hii.”

Bunduki ikakokiwa nyuma ya Aruna. Hadjara akaingiwa na hofu ambayo hajapata kuijua. Akaipokonya bonbon, akaitafuna, gamba likavunjika kwa meno na wote wakasikia. Akala ya pili, akala ya tatu, bila kuambiwa. Vijana wakamkodolea macho wakingoja aanguke. Hakuanguka. Mkubwa akaonja, akacheka, akachukua furushi zima, akaamuru kamba ishushwe.

Wakaziona nyumba za kwanza za Beni. Ndipo Hadjara akaanza kulia, akisema saumu yake imeharibika, tena siku ya mwisho kabisa.

Aruna akasimamisha gari kando ya njia. Suruali yake ilikuwa na vumbi magotini.

“Yaya, dada yangu, mutu mwenye banamulazimisha hapana zambi. Ni wewe ulinifundisha ile. Sasa pale ulikuwa unangoya nini?”

Hadjara akanyoosha mkono, akaanza kumpangusa vumbi la magotini.