Tulipolima Kinamasi

Katikati ya shamba letu kuna kinamasi. Tulikiita Mkwe, kwa kuwa kila mtu alikizunguka kwa adabu. Dereva wa trekta akifika hapo hukata kona, akirudi analima tena palepale alipokwisha kulima, na dizeli ni yetu. Ukingoni mbegu huanguka mara mbili, mbolea mara mbili, mahindi yanabanana na kuzaa magunzi matupu. Hasara juu ya hasara, na bado mtu anakuambia una shamba kubwa!

Mwaka huu shemeji yangu, ambaye ana haki sawa na mume wangu katika urithi huu, alikuja amenuna.

"Kaka, msimu huu lisipolipa, tunauza. Nimechoka kumiliki matope."

"Litalipa," mume wangu akasema. "Safari hii nalima mpaka katikati."

Kiangazi kilikuwa kirefu, kinamasi kikakauka hadi kikapasuka. Trekta likapita moja kwa moja. Mume wangu akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia tangu anioe. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, unatamanisha, basi akautilia karibu mbolea yote ya shamba zima. Kwingine, alisema, kumeshazoea shida. Nami nikamwamini. Mahindi yakatoka pale kijani kibichi, yakampita kimo.

Mvua yenyewe haikuwa nyingi. Maji yalitoka chini. Asubuhi moja tukakuta mahindi yamesimama majini, na wiki haikuisha yakawa manjano, yakalala. Yale ya nchi kavu, yaliyonyimwa mbolea, yalitoa vihindi vya kidole. Majirani hawakukawia: mtaka yote hukosa yote. Rahisi kusema ukiwa umeshiba. Mimi nililia palepale shambani, wala sikujificha.

Shemeji akaleta mnunuzi. Mnunuzi akatembea na kamba yake, akapima nchi kavu yote, kisha akasimama ukingoni mwa maji na kukunja pua.

"Hapa sipachukui. Hata bure sitaki."

Shemeji akamgeukia mume wangu. "Fungu lako la pesa litaishia kwenye deni la trekta na mbolea, kaka. Lakini hapo pabaki pako. Usiseme nimekutupa."

Nikasubiri matusi. Mume wangu hugombana hata na kuku. Akamshika ndugu yake mkono kwa mikono miwili.

"Asante sana, mdogo wangu," akasema, macho yake kwenye ule udongo mweusi chini ya maji, na alimaanisha.