Mkono wa Mama Juu ya Injini

Lori la familia lilikuwa la zamani, la petroli, lenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na injini yake ilikaa ndani ya kebini, chini ya kifuniko kilichotenganisha viti viwili. Asubuhi hiyo Mama aliomba lifti ya sokoni. Akapanda na kifurushi cha vitambaa, akakaa juu ya kifuniko katikati ya wanawe wawili, akashika hapo kwa kiganja asije akaanguka. Lori likaacha kutetemeka.

Lilikuwa likitetemeka tangu mvua zilizopita, hadi kioo cha pembeni kikang'oka. Kaka mkubwa, aliyekuwa kwenye usukani, akatazama chupa ya maji mbele yake. Maji yalikuwa yametulia tuli.

"Mama, usitoe mkono," akasema.

"Na sokoni nitashukaje?"

"Tutakuletea vitu hapa hapa."

Jioni kitinda mimba wa Mama, binti aliyeitwa Spana kwa kuwa ndiye fundi wa lori hilo, alipima na kuthibitisha kuwa ni mkono wa Mama. Puli ya mbele ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na silinda, ni vyuma viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati yao kuna mpira. Kila silinda ikipiga, krenki hujikunja kidogo kama nguo inayokamuliwa, na mpira ndio unaomeza ule mkunjo. Mpira wa lori ulikuwa umekufa. Sasa kazi yake aliifanya Mama.

"Basi mpira tumepata," kaka wa pili akasema, na habari ya kutafuta puli ikaishia hapo.

Mama akawa anaenda kazini na wanawe kila siku, na mto wake wa kukalia. Alifurahi pia, hakuwahi kutembea kiasi hicho maishani. Ila mtetemo lazima uende mahali, nao ulirudi naye nyumbani. Kitanda chake kilijisogeza hadi mlangoni. Sufuria zilimpigia makofi akipita. Na yeye, fundi cherehani aliyeaminiwa nguo za maharusi, hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano. Alimshonea Spana ovaroli, mfuko ukaangukia kwapani.

"Ndio mtindo wa sasa," Spana akasema, akaivaa hivyo hivyo.

Kila jioni alimshika mama yake kifundo cha mkono na kusikiliza. Silinda zote sita zilikuwa mle, zikipokezana. Siku moja akasikia kitu kikijikwaa, mara moja kila mzunguko. Akaenda kuchungulia gurudumu la meno lililofungwa nyuma ya puli, lile linaloiambia injini wakati wa plagi kutoa cheche. Jino moja lilikuwa limepinda. Akalinyoosha, na Mama akalala usingizi wa pono.

Mwishowe Spana akachoka kuwangoja kaka zake watafute puli. Akapata puli yenye mpira mzima kwenye injini iliyotupwa yadi ya vyuma chakavu, akaifunga. Lori likanguruma kwa upole bila mtu ndani. Akakimbia nyumbani na grisi zake, akamkamata Mama kifundo.

Silinda sita zilikuwa zimekwenda zao. Chini yake, hata hivyo, palikuwa na mtetemo mwingine, wa zamani, wa mapigo mawili yasiyoelewana.

"Huu si wa lori," akasema.

"Hao ni kaka zako na ugomvi wao. Zamani nilikuwa nawapata wakati wa chakula tu, sasa ni kutwa nzima." Mama akacheka. "Ulidhani kumeza mitetemo nilianzia kwenye gari? Baba yenu, Mungu amrehemu, yule peke yake alikuwa silinda sita."

Wakacheka mpaka machozi. Spana akataka kuuliza kama na yeye yumo mle, akaona asiulize.

Asubuhi honi ililia getini. Spana akatoka kuwaambia kaka zake kwamba lori limepona, Mama abaki ashone.

"Tumeona, umefanya kazi nzuri," kaka mkubwa akasema. "Lakini bila yeye tunagombana mpaka tunapotea njia."

Kaka wa pili akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa imepita miaka tangu wakubaliane jambo.

Mama alikuwa mlangoni tayari, mto kwapani. "Niende tu, mwanangu. Wakikorofishana barabarani itakuwaje?"

Akapanda, akakaa katikati, akaweka kiganja kimoja kwenye goti la huyu na kingine kwenye goti la yule. Lori likaondoka kimya kabisa.

Spana akanawa mikono, akaketi kwenye cherehani, akazitia uzi sindano zote za mama yake, moja moja, azikute tayari akirudi.