Asumini Kwenye Kiyoyozi

Abdulwahid alikuwa fundi wa mashine za boti na pikipiki, na Faza nzima ilimjua. Kiyoyozi cha gari hakuwahi kukigusa. Shida ni kwamba alikuwa ameahidi.

Miaka kumi na mitano nyuma alimpakia bintiye Huwaida kwenye pikipiki kwenda Siyu, mtoto akafika na vumbi mpaka kwenye kope, analia. Baba akaropoka: "Siku ya harusi yako utapita ndia hii garini, madirisha yamefungwa, baridi tele." Huwaida hakusahau. Watoto husahau ukiwatuma chumvi, si ukiwaahidi raha.

Siku yenyewe ndiyo hii. Alasiri bibi harusi apelekwe kwa mumewe Siyu, na gari la kuazima la Bwana Jeilani linapuliza pumzi ya mgonjwa.

"Gesi imekwisha," alisema Jeilani. "Mpaka livushwe bara."

Abdulwahid alinuna, akawasha gari, akafungua boneti. Kompresa, ile inayosukuma gesi, ilishika, tak! Akapapasa bomba: la baridi, linatoka jasho. Basi gesi ipo. Feni nayo iliunguruma kwa nguvu zote, ila ndani hewa ilitoka kidogo tu. Kuna kitu kimeziba njia.

Akachomoa kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, akavuta filta. Ilikuwa imejaa asumini kavu, imegandamana na vumbi. Kila gari hilo lilipobeba bibi harusi, kina mama walirundika maua kwenye vitundu vilivyo chini ya kioo cha mbele, ili hewa iingie inanukia. Ilinukia kweli, kisha maua yakatumbukia ndani, harusi baada ya harusi. Na kinara wao alikuwa mkewe mwenyewe, Mwanamkisi, ambaye sasa hivi alikuwa anakuja na sinia limejaa asumini.

"Bi Mwanamkisi, hata ua moya usitie hapo!"

"Harusi bila asumini? Watu watasemaje?"

"Mvishe mwanao. Gari halina shingo."

Alipuliza filta kwa pampu ya matairi, akafagia tundu lake, akairudisha. Baridi ikampiga usoni, akacheka peke yake kama aliyeokota pesa.

Alasiri kina mama walijaa garini na bibi harusi wao, vigelegele juu, madirisha yamefungwa. Baba hakubakiziwa nafasi. Alifuata nyuma kwa pikipiki, anakula vumbi, na furaha yake haikuwa na kifani. Ila moyo ulimuuma kidogo: vioo vilikuwa vyeusi, na mwanawe alikuwa anakwenda bila yeye kumwona.

Walipoacha nyumba za mwisho za Faza, dirisha la nyuma likashuka. Mkono uliochorwa maua ya piko ukatoka, umeshika kikuba cha asumini, ukampungia.

"Funga, mwanangu! Baridi yote inatoka!" alipiga kelele Abdulwahid, machozi na vumbi vimechanganyika usoni.

Huwaida hakulifunga mpaka walipofika Siyu.