Viti Viwili vya Unguja

Wivu wa Bi Zubeida ulikuwa na adabu zake: mbele za watu ulicheka. Asubuhi ile, kwenye kiwanja cha ndege cha Kipawa, ulicheka mpaka mashavu yakamuuma. Thuraya, mke mwenzie, alikuwa amejifukiza udi wa kutosha mtaa mzima, na mume wao Abdulsamad, mwenye duka la nguo Temeke, alikuwa amembebea mkoba. Mkoba wa Zubeida aliubeba Zubeida.

Walikuwa wakienda Unguja, harusini kwa mpwa wa Abdulsamad. Zama zile za Mwingereza, kupanda ndege halikuwa jambo la kila mtu. Usiku kucha Zubeida alikuwa akiwaona mawifi zake wamejipanga, yeye anashuka bega kwa bega na mumewe, na yule mtoto wa juzi yuko nyuma na vifurushi. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Karani wa tiketi, kijana wa Kihaya aitwaye Gaudens, aliwahesabu abiria, akawahesabu tena, kisha akavua kofia.

"Samahani sana, mzee. Ninyi mko watatu, na viti vimebaki viwili."

"Viwili vipi? Tiketi si hizi hapa?" Abdulsamad alihamaki.

"Tiketi ni halali, mzee. Ila kampuni huuza kuzidi viti, maana kila safari wako wasiotokea. Kiti kikiruka kitupu ni hasara, na hasara ikizidi nauli inapanda kwa wote. Leo wametokea wote. Atakayebaki atarudishiwa nauli yake, na kesho atasafiri bure."

"Kumbe mie nimelipa nikachezewa bahati nasibu!"

Alifoka, kisha akatulia, akawatazama wake zake. Macho yakatua kwa Zubeida. "Bi Zubeida, wewe ndiye mkubwa. Una subira."

Akufukuzaye hakwambii toka. Zubeida akacheka.

"Subira ninayo, mume wangu, ila haki yangu siuzi kwa sifa. Hapa hachaguliwi mke. Baki wewe, sie wawili tutangulie."

Watu walikuwa wakisikiliza, basi Abdulsamad akakubali kwa haya. Zubeida akajiona mshindi. Akimkosa yeye, na yule amkose!

Thuraya akainamisha macho. "Dada kasema kweli," alisema kwa sauti laini. "Lakini mume wetu tumwache peke yake, nani atampikia? Na mie nabaki. Wewe tangulia, dada, utusalimie wote."

Zubeida alimtazama mumewe amsikie akikataa, walau kwa ada tu. Hakukataa. Aliuliza kesho ndege inaondoka saa ngapi.

Usiku uliokuwa ukija ulikuwa zamu ya Zubeida. Alifumbua kinywa aidai, akakifumba. Mambo ya zamu hayasemwi mbele ya makarani. Akapanda ndege peke yake.

Ndege iliyosemwa imejaa kupita kiasi iliruka na kiti kitupu ubavuni mwake. Safari hii hakuweza kucheka. Bibi mmoja wa kiti cha ng'ambo ya pili alimwona anavyotetemeka ndani ya buibui, akamwinamia.

"Waogopa ndege, mwanangu?"

Zubeida akaitikia kwa kichwa. Na kwa kuwa kuogopa ndege si aibu kwa mtu, akalia waziwazi mpaka Unguja.