Upepo wa Kusingiziwa

Ejnar alijenga ndege yake kwa majira matano ya baridi, kisha kwa majira mawili ya joto akakataa kuirusha. Ilikuwa ndege ya kuongozwa kwa rimoti, mfano wa zile za zamani zenye bawa juu na bawa chini. Upana wake ulipita mita mbili, na injini ilikunywa petroli. Kila ubavu wa bawa alikuwa ameuchonga kwa mkono, na kitambaa akakiwamba kikawa kama ngozi ya ngoma.

Kila Jumapili aliipeleka kwa trela kwenye uwanja wa klabu ya warushaji wa ndege hizo, akaipachika mabawa, akawasha injini. Ikanguruma mpaka bata wa shamba la jirani wakatawanyika. Halafu alilowesha kidole, akakiinua juu, akasema upepo wa leo si mzuri. Akazima, akayachomoa mabawa, akarudi nyumbani.

Huko kwao, Jutland ya magharibi, hakuna siku isiyo na upepo. Hata miti huko huota imeinama. Kwa hiyo Ejnar hakupungukiwa na sababu. Villads, daktari wa ng'ombe aliyestaafu, alimwuliza mbele ya klabu nzima, "Mzee mwenzangu, hiyo ni ndege au feni?" Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Ejnar alijitetea kwamba hata rubani wake, yule mwanasesere wa kitini, bado hana masharubu. Jumapili iliyofuata rubani alikuwa na masharubu. Dagny, mkewe, alikuwa amekata manyoya ya mbwa na kuyabandika kwa gundi.

Ukweli aliujua Dagny peke yake. Ndege iliyotangulia hii ilikaa hewani kwa sekunde kumi tu, ikachimba shamba la shayiri, na Ejnar akairudisha nyumbani ndani ya gunia. Tangu hapo mikono yake ilitetemeka kila aliposhika rimoti.

Mwezi wa sita Villads alikumbusha desturi ya klabu: mjenzi akisitasita, safari ya kwanza humwachia mwingine. Akamteua Sidsel, msichana wa posta, asiyesema sana ila anayerusha kuliko wote. Ejnar akakubali haraka kuliko walivyotarajia. Moyoni alijua kwa nini: ikianguka, mikono si yake. Wazo hilo likamtia aibu hata yeye mwenyewe.

Sidsel alisimama nyuma ya ndege, akachezesha mabawa kushoto na kulia, akaitikia kwa kichwa kuridhika. Ndege ikakimbia kwenye majani, ikainua mkia, ikaondoka. Ilipita juu yao taratibu, jua likipenya kitambaa na mbavu zote zikionekana.

"Inavuta kidogo kulia," Sidsel alisema.

"Nimeona. Irudishe kidogo. Polepole, binti, usiibane."

"Pua inaniwasha," Sidsel akasema, akamwekea Ejnar rimoti mikononi.

"Chukua! Sidsel, chukua!"

Sidsel alikuwa anajikuna pua kwa raha zake, mkono mwingine mfukoni, lakini akiwa hatua moja tu kutoka kwa Ejnar. Ndege ilikuwa inaelekea kwenye msitu. Ejnar hakuwa na nafasi ya kutetemeka, akaigeuza. Ikageuka. Akaizungusha uwanja mara moja, mara ya pili, na hakuna aliyethubutu kumtania.

Akaishusha. Iligusa ardhi, ikaruka kama mbuzi, ikagusa tena, na ncha ya bawa la chini ikakwaruza majani hadi iliposimama.

Ejnar alipiga magoti, akaingiza kidole kwenye kitambaa kilichochanika, urefu wa kiganja. Villads akaanza kusema maneno ya kumpa pole.

"Ya nini pole?" Ejnar akamkatiza. "Nani ana selotepu?"

Dagny akamletea kutoka kwenye trela. Akabandika vipande viwili, akavisugua kwa gumba, akasimama na kuwatazama waliojaa katikati ya uwanja na vikombe vyao.

"Haya, tokeni njiani," akasema. "Petroli bado ipo."