Parachichi Juu ya Bati

Mume wangu Kitsa alikuwa na mchezo mmoja. Parachichi likianguka juu ya bati, puu, yeye huitika kutoka mezani: "Karibu!" Utadhani mgeni amebisha. Nimemzika miezi minne sasa, na bado likianguka namsikia akiitika. Msiniambie ni ndoto. Namsikia mchana kweupe, nikichambua maharagwe.

Hapa Butembo maparachichi ni mengi hata tunawatupia nguruwe. Kwa hiyo muuguzi alipompima Kitsa tension, yaani presha ya damu, akakuta iko juu, akamwambia ale maharagwe, mchicha wetu wa lenga-lenga na parachichi, aache chumvi, na hasa makayabu, yule samaki wa chumvi, nilicheka kwa hasira. Kila Jumapili baada ya misa ndugu zake walijaa mezani kwetu. Mwanamke gani wa Kinande atamwekea bwana wake majani na chakula cha nguruwe mbele ya mashemeji? Wangesema nimemchoka.

Mbele ya muuguzi niliitikia ndiyo. Nyumbani nikaendelea na makayabu yangu. Nilikuwa nikiyaloweka kidogo tu, kisha namwambia Kitsa nimetoa chumvi yote. Alikula, akanishukuru. Siku ya Pasaka alishika kifua, akaanguka kabla hajanawa mikono.

Siri hiyo sikumwambia mtu. Ndiyo maana ile "karibu" yake ilinitisha: nilijua ananiita nikajibie kosa langu.

Jumapili iliyopita alikuja Maliro, kaka yake mkubwa anayekaa Beni. Kabla ya kuketi alinionyesha karatasi ya hospitali: tension, ileile ya mdogo wake. Halafu, bila haya, akauliza makayabu yako wapi.

Nilimwekea ugali wa muhogo, maharagwe, lenga-lenga bila chumvi, na parachichi nililolikata vipande. Aliitazama sahani, akaisukuma.

"Rébecca! Mudogo wangu amekufa, donc sasa mimi unanipatia chakula ya nguruwe?"

Nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Kula, shemeji. Muganga alimukataza Kitsa chumvi, mais mimi nilikuwa nampikia makayabu tu. Nilimudanganya. Niliogopa midomo yenu."

Juu yetu, puu.

"Karibu!"

Nilimsikia. Lakini safari hii Maliro naye aligeuza kichwa, akakitazama kiti cha Kitsa ambacho hakuna aliyekikalia tangu Pasaka.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alinipigia telefone mbele ya Pasaka. Akasema, 'Yaya, kaka yangu, chumvi iko mingi, ninaisikia. Mais nikikatala, Rébecca atapata haya mbele yenu. Acha nikule tu.'" Aliitazama tena sahani. "Na mimi nikamucheka. Nikamwambia mwanaume hapana kula majani."

Akaivuta sahani, akala. Alikula lenga-lenga, akala maharagwe, akalimaliza parachichi lote, huku machozi yakimtiririka na asiyafute. Mimi nilisimama mlangoni na kijiko mkononi.

Miezi minne nimeogopa kwamba Kitsa anakuja kunilaumu. Sasa natamani angenilaumu.