Aliyeshika Bisibisi

Kijitabu cha huduma za mji kilikuwa kiende kwa mchapaji kesho yake, na mhakiki alikuwa amebakiza mstari mmoja. Mingine yote alishaimaliza kwa miguu: saa za zahanati, safari za kivuko, bomba la maji la gatini, hata choo cha soko ambacho kijitabu cha zamani kilidai kina mlango. Sheria ya ofisi ilikuwa fupi: usichokiona kwa macho yako, kifute.

Mstari wenyewe ulisema, "Fundi wa majokofu, nyuma ya soko la samaki, kuanzia saa tatu asubuhi," na jina la kaka yake, aliyezikwa miezi minne iliyopita. Siku tatu mfululizo alikuwa ameuruka. Leo alisimama kwanza pembeni mwa ukuta wa karakana, akasema moyoni, "Mungu wangu, nipe ulimi wa kusema na wifi yangu," ndipo akabisha hodi.

Mjane alifungua, mafuta ya mashine yamemfika viwikoni.

"Karibu, wifi. Umekuja kumfuta kaka yako?"

"Nimekuja kuhakiki."

"Ni yale yale, umeyavalisha tai tu."

"Wifi, jina la marehemu siwezi kuliacha humo. Na nikiufuta mstari, nani atajua kuna fundi hapa? Utaishije?"

"Basi andika langu." Akashusha sauti. "Kaka yako macho yalimwisha miaka miwili kabla hajafa. Alikuwa anasikiliza mota, ananiambia ugonjwa, mimi natibu. Tuliwaficha watu wasije wakatukimbia."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza! Mdomo wako nani asiyeujua?"

Ilimuuma mhakiki, lakini kazi ni kazi. "Nakuamini, wifi. Ila siandiki nilichoambiwa."

"Twende, basi. Friza la muuza samaki limelala tangu jana."

Sokoni, muuza samaki alimtazama mjane toka juu hadi chini. "Wewe si ulikuwa unashika tochi?"

"Na aliyeshika bisibisi, ulimwona?"

Muuza samaki akafunua friza. Samaki wake walikuwa wameanza kulegea. Hakuwa na ubavu wa kuchagua.

Mjane aliinama nyuma ya friza, akatega sikio kama anayesikiliza kifua cha mtoto. "Mota nzima. Feni ndiyo imeliwa na chumvi." Akaing'oa, akaisugua, akabadilisha waya mmoja. Feni ikazunguka, ikakwama. Mhakiki alijikuta anaomba, midomo ikicheza. Mjane akatia tone la mafuta, akaisukuma kwa kidole. Ikashika kasi. Walikaa juu ya kreti karibu saa nzima, mpaka kuta za ndani zikaanza kuota barafu.

"Kumbe fundi ni wewe," alisema muuza samaki, "na umetunyamazia miaka yote hiyo!"

Mhakiki akatoa kalamu. Mkono ulikuwa mzito kulikata jina la kaka yake, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaandika jina la wifi yake, kamili, la kwao alikozaliwa, akamsomea.

"Saa za kufungua je? Hapa pameandikwa saa tatu."

"Weka saa moja asubuhi. Hiyo saa tatu ilikuwa ya kaka yako. Alipenda kitanda yule, Mungu amrehemu!"

Mhakiki alicheka mpaka akashindwa kuandika. Mjane akamshikia karatasi.